Magari ya NASCAR Yakishastaafu

Usiku wa tarehe 17 Mei 1997, kwenye uwanja wa Charlotte, North Carolina, dereva Jeff Gordon alishinda mbio za madereva nyota kwa gari ambalo watu wa NASCAR, mbio za magari za Marekani, wanalizungumzia hadi leo. Mafundi wa timu yake, Hendrick Motorsports, walilibatiza T-Rex, kwa sababu lilibeba tangazo la Jurassic Park na kwa sababu mhandisi aliyelibuni anaitwa Rex Stump. Chasisi yake ilikuwa namba 2429. Stump na wenzake walikuwa wamekisoma kitabu cha kanuni ukurasa kwa ukurasa, wakajenga gari linalotumia kila mwanya uliokuwemo. Wakaguzi waliliangalia baada ya mbio, kisha timu ikaambiwa isilirudishe tena uwanjani. Leo gari hilo limo katika mkusanyiko wa Rick Hendrick, mwenye timu.

T-Rex lilikuwa na jina, na lilikuwa na mwenye mali aliyetaka kulihifadhi. Magari mengi ya mbio hizi hayakujaliwa hayo. Kwa timu, gari la mbio ni kama jembe: likiisha makali linawekwa kando, jipya linaingia shambani. Anayekuja kusimama mlangoni mwa karakana na kuuliza bei ya lile lililowekwa kando ni mtu wa nje, mara nyingi mwenye gereji ya kawaida nyumbani kwake na mapenzi makubwa ya mchezo huu. Sura hii inamhusu mtu huyo. Nasema mapema ninachoamini: bila wamiliki binafsi, sehemu kubwa ya historia ya NASCAR ingekuwa imeshauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Kwa hiyo tunawiwa nao shukrani, na wao wanawiwa nasi ukweli kuhusu kile walichonacho.

NASCAR ilianza rasmi Februari 1948 chini ya Bill France, baada ya vikao vya Desemba 1947 katika hoteli ya Streamline, Daytona Beach, Florida. Mbio za kwanza za daraja ambalo sasa ndilo la juu kabisa zilifanyika Charlotte tarehe 19 Juni 1949, na sharti lake kuu lilikuwa kwamba gari liwe lile lile linalouzwa dukani. Lee Petty, baba yake dereva mashuhuri Richard Petty, aliingia na Buick Roadmaster ya kuazima, akaipindua. Glenn Dunaway alimaliza wa kwanza kwa Ford ya 1947, akanyang'anywa ushindi baada ya kugundulika kwamba springi za nyuma zilikuwa zimeongezwa ukakamavu. Gari lake lilikuwa la kubebea pombe haramu ya milimani, na springi zile zililizuia lisilale nyuma likiwa na mzigo. Ushindi ukaenda kwa Jim Roper na Lincoln yake.

Katika zama hizo gari la mbio halikuwa na kustaafu. Lingeweza kuendeshwa barabarani hadi uwanjani, likashindana, kisha likambeba mwenyewe kurudi nyumbani kama lilikuwa bado linatembea. Lililobaki zima liliuzwa kama gari lolote lililotumika, na mnunuzi alilitumia hadi likaoza. Ndiyo maana anayetafuta gari halisi la miaka ile anatafuta kitu adimu sana, na mengi yanayoonekana kwenye maonyesho ni magari ya aina ile ile yaliyopakwa rangi na namba za zamani. Hilo si kosa, mradi kibao kilichowekwa mbele yake kiseme hivyo.

Miaka ya 1969 na 1970 ilileta magari ambayo bei zake leo zinatisha: Dodge Charger Daytona na Plymouth Superbird, yenye pua ndefu iliyochongoka na bawa refu nyuma. Tarehe 24 Machi 1970, Buddy Baker alikimbiza Charger Daytona kwenye uwanja wa Talladega, Alabama, akawa wa kwanza kuvuka maili 200 kwa saa katika uwanja wa mzunguko. Mwendo wake ulikuwa maili 200.447, yaani kama kilomita 323 kwa saa. Mwaka huo huo Pete Hamilton alishinda Daytona 500 kwa Superbird ya timu ya Petty. Kisha kanuni za 1971 zikayabana magari yenye mabawa kwa kuyalazimisha kutumia injini ndogo ya inchi za ujazo 305, na hamu ya kuyatumia ikaisha mara moja. Mafundi wakang'oa mabawa, wakakata pua, wakavalisha fremu zile zile bodi za mtindo mpya. Hakuna aliyefikiri kwamba anaharibu kitu cha thamani. Fundi alikuwa anaokoa fedha za mwajiri wake, na kwa siku ile alikuwa sahihi.

Ugumu wa kazi ya mkusanyaji unaanzia hapo. Historia ya gari la NASCAR imo kwenye fremu, na fremu haionekani.

Kadiri miaka ilivyosonga, gari la dukani lilitoweka kabisa chini ya bodi. Lililobaki ni fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa kwa mkono, kizimba cha mabomba kumzunguka dereva, na bodi ya mabati yaliyonyooshwa karakanani. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 110. Hadi 2021 ekseli ya nyuma ilikuwa ya muundo wa Ford wa inchi 9, hata kama bodi ilisema Chevrolet, na ilishikwa na mikono miwili mirefu iliyotokana na pikapu za Chevrolet za miaka ya 1960. Injini ni V8 ya inchi za ujazo 358, karibu lita 5.9, na hadi mwisho wa msimu wa 2011 ililishwa mafuta na kabureta. Gari zima lilikuwa na uzito wa pauni 3,400, kama kilo 1,540. Hakuna mlango unaofunguka, dereva huingilia dirishani. Hakuna ufunguo, kuna swichi tu. Hakuna geji ya mwendo. Taa za mbele ni stika.

Mtu anaweza kudhani kwamba chombo cha namna hiyo ni kigeni mno kwa fundi wa kawaida. Mimi naona kinyume chake, na naona ndiyo sababu kubwa ya magari haya kuishi muda mrefu mikononi mwa watu binafsi. Gari la Formula 1 la miaka ya karibuni haliwashwi bila kompyuta na timu ya wahandisi waliosomea mashine ile ile. Gari la NASCAR la mwaka 1995 linawashwa na fundi mmoja mwenye spana, anayeijua kabureta na anayejua kusikiliza injini. Vipuri vyake vingi bado vinatengenezwa, kwa sababu viwanja vidogo vya udongo na vya lami kote Marekani vinatumia vitu vya ukoo huo huo kila wikiendi. Ufundi uliomo ni mkubwa, lakini ni ufundi wa mkono.

Magari haya hutoka kwenye timu kwa mafungu, kila kanuni zinapobadilika. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, dereva mmoja wa timu kubwa alijengewa magari zaidi ya kumi: ya viwanja vifupi, ya viwanja vya kasi kama Daytona na Talladega, na ya njia zenye kona za kulia na kushoto. Kisha, tarehe 18 Februari 2001, dereva Dale Earnhardt alifariki kwenye mzunguko wa mwisho wa mbio za Daytona 500. Kifo chake kilibadilisha kila kitu kuhusu usalama. Gari jipya lililoitwa gari la kesho lilianza kushindana Bristol, Tennessee, Machi 2007, likiwa na paa refu zaidi na kiti kilichosogezwa kuelekea katikati, mbali na mlango wa dereva. Mwaka 2008 likawa la lazima msimu mzima. Magari ya zamani yaliyokuwa yamejaa karakana za Mooresville, Concord na Charlotte, North Carolina, yakakosa kazi katika daraja la juu. Jambo hilo likajirudia 2013 ilipoingia bodi ya kizazi cha sita, na likajirudia tena 2022 lilipoingia gari la kizazi kipya.

Mengine yalishuka daraja. Mbio za ARCA, zilizoanzishwa Ohio mwaka 1953 na kununuliwa na NASCAR 2018, kwa miaka mingi zilikuwa mahali ambapo chasisi za daraja la juu zilipewa maisha ya pili. Timu ndogo ya familia ilinunua gari lililokuwa la dereva maarufu, ikalipaka rangi mpya, ikaenda nalo mbioni. Gari hilo likipigwa ukutani huko, rekodi ya maisha yake ya kwanza ilipotea pamoja na bodi. Timu zikifungwa pia hutoa magari. Mwaka 2018 timu ya Furniture Row ya Denver, iliyotwaa ubingwa mwaka mmoja tu nyuma, ilifunga milango. Mwisho wa 2024 ikafuata Stewart-Haas. Timu ikifungwa, kila kilichomo huuzwa, kuanzia makabati ya spana hadi usukani.

Mnunuzi wa mara ya kwanza hushangazwa kwamba gari analouziwa halina injini. Huo ndio utaratibu wa kawaida. Injini ndiyo sehemu yenye gharama kubwa kuliko zote, na timu nyingi zilikuwa zinakodi injini kutoka kwa wajenzi wakubwa, hivyo injini ilirudi kwa mwenyewe mbio zilipoisha. Kinachouzwa ni fremu, bodi, magurudumu na usukani. Kama gari halina jina kubwa, linaweza kupatikana kwa bei ya gari dogo la kutembelea. Lenye ushindi wa Earnhardt au Gordon lina bei ya dunia nyingine kabisa, na tofauti hiyo ya bei ndiyo inayozaa udanganyifu.

Hapa sina budi kukaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Wadhamini wa NASCAR walihitaji magari ya kuweka mbele ya maduka makubwa, kwenye maonyesho na kwenye sherehe za kampuni. Timu ziliwatengenezea magari ya maonyesho. Baadhi yalikuwa magari ya mbio yaliyochakaa, mengine yalijengwa kwa kazi hiyo tu na hayakuwahi kukimbia hata mzunguko mmoja. Yana rangi sahihi, stika sahihi, namba sahihi, na wakati mwingine saini ya kweli ya dereva juu ya paa. Miaka ishirini baadaye gari la namna hiyo linauzwa mnadani na maelezo yanasema tu kwamba ni gari la dereva fulani. Kila neno ni kweli, na mnunuzi amepotoshwa.

Kuna tatizo la pili, gumu zaidi, lisilo na mtu wa kulaumiwa. Chasisi moja inaweza kukimbia misimu mitatu au minne, chini ya rangi tofauti, wadhamini tofauti, hata madereva tofauti. Ikigonga ukuta, mafundi hukata sehemu yote ya mbele na kuchomelea nyingine mpya. Ikigongwa nyuma, hivyo hivyo. Bodi hubadilishwa mara nyingi kuliko yote. Mwisho wa safari, kinachoweza kuwa cha asili ni kizimba cha katikati na kibati chenye namba. Sasa mwenye gari analirudisha katika sura gani? Ya siku liliposhinda, au ya siku lilipomaliza kazi? Wengi huchagua ushindi. Mimi nawaheshimu zaidi wanaoacha gari kama lilivyotoka uwanjani kwa mara ya mwisho, na mikwaruzo ya ukuta ubavuni, na alama nyeusi za matairi ya wapinzani mlangoni, na utepe waliobandika mafundi kwa haraka. Rangi mpya unaweza kuipiga wakati wowote. Mkwaruzo wa uwanja wa Darlington ukishaufuta hakuna atakayeurudisha.

Jibu la maswali haya yote liko kwenye karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mkusanyaji wa magari ya NASCAR anaujua ukweli huo kuliko wengi. Gari la mbio halikuwahi kusajiliwa serikalini, halina kadi, halina namba ya kiwanda kama ya gari la dukani. Kinachokuja nalo ni hati ya mauzo, na mwenye bahati hupata karatasi za karakana: fremu ilijengwa lini, ilikwenda uwanja gani, ilifungwa springi gani, ilirudi na majeraha gani. Picha za siku ya mbio husaidia sana. Fundi mwenye jicho atalinganisha mshono wa kuchomelea, tundu la boliti, au bomba lililoongezwa kwenye kizimba na lile linaloonekana pichani kupitia dirishani. Gari la kesho lilipoingia, NASCAR ilianza kukagua kila chasisi katika kituo chake cha utafiti Concord na kuibandika vitambulisho vya kielektroniki kwenye mabomba, kwa hiyo ukoo wa magari hayo ni rahisi kuufuatilia. Ya zamani zaidi hutegemea daftari na kumbukumbu za watu.

Gari likishafika nyumbani, kazi ya injini inaanza. Injini ya timu ilijengwa kwa ajili ya kilomita mia nane za mbio za Jumapili moja na mazoezi yake, kisha ifunguliwe yote. Ilizunguka zaidi ya mara 9,000 kwa dakika kwa saa kadhaa mfululizo. Oili yake haikai chini ya injini kama kwenye gari la kawaida. Ina tangi lake nyuma, na mafundi huipasha moto kabla ya kuwasha ili isiumize vyuma. Kabla ya 2007 magari haya yalikunywa petroli ya mbio yenye risasi, na petroli ya kituo cha mjini haiwezi kuchukua nafasi yake bila injini kubadilishwa. Mwenye busara hupunguza mgandamizo wa injini, huzuia mizunguko, na hukubali kupoteza nguvu za farasi mia moja au mia mbili ili injini ikae miaka badala ya saa. Wengine hufunga V8 ya kawaida ya kununua ikiwa mpya kwenye sanduku. Wapo wanaowacheka hao, mimi siwacheki. Gari linalotembea kwa injini ya unyenyekevu ni bora kuliko lililolala chini ya turubai likisubiri injini ya kifalme.

Kisha kuna suala la kona. Gari lililojengwa kwa viwanja vya mviringo linajua kona ya kushoto tu. Magurudumu yote mawili ya mbele yameinamishwa kuelekea kushoto, springi hazifanani, uzito umepangwa ulalie kushoto. Magari ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalifika mbali zaidi, hata bodi zenyewe zilipindishwa, ubavu wa kulia usifanane na wa kushoto, ili upepo ulisukume gari ndani ya kona. Ukilipeleka kwenye njia ya kawaida ya mbio, yenye kona za pande zote, litakupigania kila unapokata kulia. Ndiyo maana wanaonunua ili kuendesha hutafuta magari yaliyojengwa kwa ajili ya njia za Sonoma na Watkins Glen. Hayo yana breki kubwa zaidi na yamesawazishwa pande zote mbili.

Usalama ndio mahali pa kutofanya ubahili. Tangi la mafuta la gari la mbio ni mfuko wa mpira uliojazwa sifongo, uliowekwa ndani ya sanduku la chuma. Mpira huzeeka na sifongo humomonyoka, chembe zake zikaziba kabureta, na hiyo ndiyo dalili nyepesi. Dalili nzito ni kuvuja. Mikanda ya dereva ina tarehe ya kwisha muda wake. Kiti kilifinyangwa kwa mwili wa dereva mmoja, mabega yake na kiuno chake, na mnunuzi mnene kuliko yeye hakai humo salama. Vifaa vya kushika kichwa na shingo vilifanywa vya lazima katika daraja la juu Oktoba 2001, kwa hiyo magari ya kabla ya hapo yalijengwa bila kuvifikiria. Anayeweka kiti cha kisasa na mikanda mipya katika gari la mwaka 1985 hajaliharibu. Kile kiti cha zamani akiweke ndani, akitunze, akionyeshe.

Barabarani gari hili halina nafasi. Kuna wachache Marekani wanaolifungia taa za kweli, honi na vioo ili wajaribu kulisajili, nami naona ni kulitesa. Limejengwa lipozwe na upepo wa mwendo mkali, kwa hiyo foleni ya mjini hulichemsha. Ili upate mahali pa taa lazima utoboe bodi, na bodi hiyo ndiyo uliyonunulia gari. Mahali pake ni siku za wazi za viwanja, mbio za magari ya kale kama zile za Monterey, California, na tamasha la Goodwood nchini Uingereza, ambako Waingereza waliozoea magari madogo hukusanyika ukutani kusikia V8 ya Kimarekani ikipanda kilima.

Na kuna njia nyingine ya kumiliki, isiyohusiana na kuendesha. Dale Earnhardt Jr., mwana wa yule aliyefariki Daytona, ana msitu kwenye shamba lake karibu na Mooresville, ambamo ameweka makumi ya magari ya mbio yaliyogongwa. Yamekaa kati ya miti, yanapata kutu, miche inaota kupitia madirisha. Humo limo gari la dereva Juan Pablo Montoya la Daytona 500 ya mwaka 2012, lile lililogonga mashine ya kukaushia njia inayotumia injini ya ndege na kuwasha moto uliosimamisha mbio usiku wa Jumatatu. Watu wa kurekebisha magari huumia moyo wakiona picha za msitu huo. Mimi nauona kama uamuzi wa mtu anayejua anachofanya. Gari lililogongwa vile lingekatwa vipande siku ile ile. Yeye ameliacha liseme lilivyopata ajali, bila kuligusa.

Majumba ya makumbusho hayawezi kubeba yote. Pontiac ambayo Richard Petty aliendesha kupata ushindi wake wa 200, tarehe 4 Julai 1984 pale Daytona mbele ya Rais Ronald Reagan, imehifadhiwa na Smithsonian mjini Washington. Ukumbi wa heshima wa NASCAR ulifunguliwa Charlotte mwaka 2010. Lakini jumba la makumbusho huchagua magari ya mabingwa. Gari la dereva aliyemaliza wa 31 kwa misimu minne, aliyekuwa fundi wa gari lake mwenyewe na aliyelala kwenye lori lake, halichaguliwi na jumba lolote. Hilo huokolewa na mtu mmoja aliyelipenda tangu utotoni kwa sababu lilikuwa la mtu wa mji wao. Na bila magari kama hayo mbio zisingekuwepo, maana mshindi mmoja hajazi uwanja.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayajua maisha ya pili ya gari lililostaafu kwa mfano wa nyumbani. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari Rally akiwa na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544, gari lililokuwa limetumika tayari na timu ya kiwanda katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Kwa kiwanda lilikuwa limeshamaliza kazi yake. Mikononi mwa fundi hodari wa Nairobi lilishinda moja ya mashindano magumu zaidi ya magari duniani.

Tangu 2022 mkondo wa magari yanayotoka NASCAR umebadilika. Gari la kizazi kipya hujengwa kwa vipande kutoka kwa watengenezaji walioteuliwa, rimu zake ni za inchi 18 zenye nati moja, giaboksi iko nyuma, na timu zimewekewa kikomo cha magari saba kwa kila namba. Gari likigongwa, kipande kilichoharibika hufunguliwa kwa boliti na kingine kikafungwa. Timu hazina tena rundo la fremu za kuuza. Kwa hiyo magari ya daraja la juu yaliyojengwa kwa mkono kati ya miaka ya 1960 na 2021 ndiyo hayo yaliyopo, na hayataongezeka.

Waliojenga yale ya zamani zaidi wanazeeka, na wengi wameshaondoka. Kama unamiliki gari la mbio lililostaafu, liwe Chevrolet la Charlotte au Datsun na Peugeot 504 za Safari Rally zilizobaki Nairobi, Arusha na Kampala, mtafute mwaka huu fundi aliyelifunga. Mkalishe karibu nalo, mwachie aliguse, andika kila anachosema pamoja na namba ya chasisi, kisha nakala moja iache mahali nje ya nyumba yako.